Kipozaoili, Rejeta ya Oili au "Kula"? Lugha na Maarifa ya Kupoza Oili ya Injini ya Gari Dogo katika Gereji za Eldoret

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano uliopo baina ya istilahi na maarifa ya kiufundi kwa kutumia kifaa kimoja tu: kile kinachoongezwa katika gari dogo ili kupoza oili ya injini. Uwanja wa uchunguzi ni gereji za jua kali za Eldoret. Makala inaeleza kwanza kazi ya oili na athari za joto, kisha mazingira ya nyanda za juu za Uasin Gishu, namna kifaa kinavyofungwa na makosa yanayofanyika. Hatimaye inapima majina matatu yanayoweza kutumiwa kukitaja kifaa hicho. Hoja kuu ni kwamba jina lisiloeleza kazi ya kifaa huweza kumfanya mteja alipie tiba isiyo ya ugonjwa wake, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kutosha wa kuliepusha hilo.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotakiwa kuchagua mada ya istilahi, aghalabu hukimbilia tarakilishi, sheria au tiba. Ni wachache wanaoteremka hadi kwenye gereji iliyo kando ya barabara, ilhali huko ndiko Kiswahili kinakotumika tangu asubuhi hadi jioni kueleza mambo magumu kwa watu wasiofahamiana. Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, imekaa juu ya barabara kuu itokayo Mombasa na Nairobi kuelekea Malaba na Uganda. Katika gereji zake hukutana Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu, Mkamba na wengineo. Lugha inayowaunganisha juu ya boneti iliyofunguliwa ni Kiswahili.

Hata hivyo, fundi huyo aliyefuzu chuoni alifundishwa kwa Kiingereza. Gari lililo mbele yake limeagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, na maandishi yaliyobandikwa chini ya boneti pengine ni ya Kijapani. Mteja wake ni mwalimu, mkulima wa mahindi au dereva wa teksi, na anataka kuelezwa kwa Kiswahili kwa nini atoe fedha zake. Fundi huyu basi ni mfasiri kila siku, ingawa hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Yafikiriwe mazungumzo haya ya kubuni baina ya fundi na mteja:

"Mwalimu, hii gari yako inataka oili kula."

"Kumbe inakula oili? Ndiyo maana kila wiki naongeza."

"Basi tufunge tu, mwalimu. Itatulia."

Fundi ametumia neno la Kiingereza la kifaa cha kupoza oili. Likipitia fonolojia ya Kiswahili, neno hilo hukaribiana mno na kitenzi "kula". Mwalimu naye ameelewa usemi wa kawaida wa gereji: injini "inakula oili", yaani inaiunguza na kuitoa kama moshi. Fundi anazungumzia joto. Mwalimu anazungumzia upungufu. Kila mmoja anadhani amekubaliwa. Kifaa kinafungwa, fedha zinalipwa, na injini inaendelea kula oili kama ilivyokuwa ikila, kwa maana ringi za pistoni zilizochakaa haziponywi kwa kupozwa. Siku oili itakapokwisha njiani, injini itanoki, na gharama yake itakuwa ya injini nzima. Kosa hilo halikuanzia kwenye spana. Lilianzia kwenye neno.

2.0 Oili na Joto Ndani ya Injini

2.1 Kazi za oili

Oili ya injini hulainisha sehemu zinazosuguana, husafisha kwa kubeba masizi na unga wa chuma hadi kwenye chujio, huziba nafasi ndogo kati ya ringi na ukuta wa silinda, na hukinga chuma na kutu. Kazi ya tano husahauliwa: oili hupoza. Maji ya rejeta huzunguka katika kuta za silinda na katika hedi, lakini hayafiki kwenye beringi za krankishafti wala upande wa chini wa pistoni. Huko ni oili peke yake inayofika, ikachukua joto na kurejea nalo kwenye sampu, yaani karai lililo chini ya injini.

Katika gari lililo katika hali njema, oili hufanya kazi vyema ikiwa na joto la kati ya nyuzi 90 na 110 za Selsiasi. Ikipita 120 kwa muda mrefu huanza kuwa nyepesi kupita kiasi, na utando wake unaotenganisha beringi na chuma cha krankishafti hupungua unene. Aidha, oili huungana na oksijeni na kuzeeka. Kwa kanuni ya jumla inayotumiwa na wataalamu wa vilainishi, kila nyongeza ya nyuzi 10 za joto hukaribia kuzidisha maradufu kasi ya kuzeeka huko. Kwa hiyo oili iliyokusudiwa kudumu kwa maelfu ya kilomita huweza kuharibika mapema na kuacha utope mweusi unaoziba njia zake.

2.2 Ubaridi nao ni adui

Ni rahisi kudhani kwamba maadamu joto ni baya, basi baridi ni njema. Sivyo. Injini inapowaka hutoa mvuke wa maji, na sehemu ndogo ya mvuke huo, pamoja na petroli isiyoungua, hupenya hadi kwenye sampu. Oili ikifika nyuzi zipatazo 80 au zaidi na kudumu hapo, maji na petroli hiyo huvukizwa na kutolewa. Isipofika, hubaki humo na kuichafua oili, na matokeo yake ni utandu wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili.

Hapa ndipo alama za chupani zinapopata maana. Mfumo wa kupanga oili kwa uzito ulianzishwa na jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE, mwaka 1911. Katika alama kama 5W-30 au 20W-50, herufi W husimamia neno la Kiingereza la majira ya baridi. Tarakimu iliyo kabla yake huonyesha tabia ya oili ikiwa baridi, na ile ya mwisho huonyesha uzito wake ikiwa moto. Mwenye gari aliyeandikiwa 5W-30 akatiliwa 20W-50 kwa sababu "ni nzito, itastahimili", asubuhi yenye baridi ataisubiri oili ifike juu ya injini huku vyuma vikisuguana vikavu.

3.0 Mazingira ya Eldoret

Eldoret iko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jambo hilo lina athari tatu kwa gari.

Kwanza, maji yaliyo wazi huchemka mapema. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Eldoret huchemka kwa nyuzi zipatazo 93. Rejeta hukingwa na hali hiyo kwa mfuniko wake, ambao huzuia mgandamizo usitoroke na hivyo kupandisha kiwango cha kuchemka. Mfuniko ukilegea, maji yanachemka katika joto ambalo injini nyingi hulifikia zikifanya kazi yake ya kawaida. Mara nyingi gari linalosemekana "linaboili" halina ugonjwa wowote isipokuwa mfuniko uliochoka.

Pili, hewa ni nyepesi. Uzito wake katika mwinuko huo ni takribani asilimia 80 ya ule wa pwani. Kila kifaa kinachopozwa kwa upepo, iwe rejeta au kifaa cha oili, hupata hewa pungufu ya kubeba joto kwa mwendo ule ule. Injini isiyo na tabo nayo hupungukiwa na nguvu, na dereva hulazimika kushuka gia na kuikamua. Anayekisifu kifaa chake kwa jinsi kilivyofanya kazi Mombasa hana budi kukumbuka tofauti hiyo.

Tatu, kuna milima. Barabara ya Eldoret kwenda Kabarnet hupitia Iten, mji ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,400, kisha huteremka ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio. Gari linalorudi kutoka bondeni likiwa limejaa abiria na magunia hupanda zaidi ya mita 1,000 kwa mfululizo wa kona, mwendo ukiwa mdogo, upepo ukiwa haba na injini ikiwa imekamuliwa. Hapo ndipo joto la oili hupanda hata kama mshale wa joto la maji umetulia. Magari mengi madogo hayana kipimo cha joto la oili kabisa. Yana taa ya oili tu, na taa hiyo hutangaza kupungua kwa mgandamizo. Inapowaka, mara nyingi madhara yamekwisha kuanza.

Kwa upande mwingine, asubuhi za Eldoret ni za baridi, na safari nyingi za mjini ni fupi. Gari linalotoka Langas hadi katikati ya jiji na kuegeshwa huenda lisipate hata nafasi ya kuipasha oili ipasavyo. Hivyo basi, jiji moja lina magari mawili yenye mahitaji yanayopingana: moja linapanda Tambach na mzigo, jingine linakwenda sokoni na kurudi. Fundi anayependekeza kifaa kile kile kwa yote mawili hajatibu, amebahatisha.

4.0 Kifaa Chenyewe na Namna Kinavyofungwa

4.1 Uchunguzi kabla ya ununuzi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hata mwenye kuziba ufa sharti aone kwanza uko wapi. Kabla ya kununua chochote, mambo yafuatayo yachunguzwe: kiasi cha oili kwenye kijiti cha kupimia, aina ya oili iliyomo, mfuniko wa rejeta, feni, themostati, uchafu ulioziba mbavu za rejeta, na uvujaji. Ikiwa oili inapungua bila kuvuja popote na moshi ni wa samawati, gari linakula oili na tiba yake iko ndani ya injini.

Baada ya hapo joto lipimwe. Kipimo cha joto la oili ni cha bei nafuu kuliko kifaa cha kupoza, na ndicho pekee kinachoweza kusema kama kifaa kinahitajika. Gari lipandishwe mlima likiwa na mzigo wake wa kawaida. Oili ikibaki chini ya nyuzi 120, fedha zikae mfukoni. Ikipita hapo na kudumu, au ikakaribia 130, hoja ya kupoza imepata ushahidi. Magari yanayoelekea kuhitaji ni yale yenye tabo, yanayobeba mizigo mizito milimani, yanayovuta trela au yanayoshindana. Toyota Vitz, Mazda Demio au Nissan March ya matumizi ya mjini kwa kawaida haimo katika orodha hiyo.

Kosa jingine la utambuzi ni kuchanganya oili ya injini na ile ya giaboksi. Magari madogo mengi ya Kijapani yana giaboksi ya kujiendesha yenye mkanda, na giaboksi hiyo ina oili yake na joto lake. Kuipoza oili ya injini hakuifai giaboksi iliyochemka. Neno "oili" likisemwa peke yake gerejini, liulizwe: oili ya nini?

4.2 Aina mbili

Kifaa cha kwanza hupozwa kwa upepo. Kinafanana na rejeta ndogo, na hukaa mbele ya gari. Cha pili hupozwa kwa maji ya injini: oili na maji hupita katika njia zilizotenganishwa kwa kuta nyembamba za chuma na kubadilishana joto. Hiki cha pili hufungwa na viwanda vingi tangu gari linapoundwa. Hakipozi sana kama cha upepo, lakini kina hekima yake. Asubuhi maji hupata joto mapema kuliko oili, hivyo kifaa hicho hicho huipasha oili kabla ya kuja kuipoza. Kwa mji wa nyanda za juu wenye asubuhi za baridi, sifa hiyo si ndogo.

4.3 Hatua za ufungaji

Kinachofungwa kwa wingi katika magari yaliyokwisha kuundwa ni kile cha upepo, na hatua zake ni hizi.

(a) Chujio la oili hufunguliwa na mahali pake huwekwa bamba la kati lenye matundu mawili, moja la kutolea oili na jingine la kuirejeshea. Chujio hurudishwa juu ya bamba hilo. Uzi wa bamba lazima ulingane na wa injini. Injini nyingi za Toyota hutumia uzi wa robo tatu ya inchi. Nyingi za Honda na Subaru hutumia wa milimita 20. Uzi usiolingana ukilazimishwa huonekana umekaza, kumbe umekata meno.

(b) Bamba liwe na themostati, ambayo hufunguka oili inapofika nyuzi zipatazo 80. Kabla ya hapo oili nyingi hurudi moja kwa moja kwenye injini, na kiasi kidogo tu huachwa kipite. Bamba lisilo na themostati ndilo linaloleta ule utandu wa maziwa uliotajwa hapo juu.

(c) Kifaa huwekwa mahali penye upepo, kisigusane na rejeta wala kufunika sehemu kubwa ya uso wake. Kisifungwe kwa waya. Kiwe na vishikio vyenye raba ili mitikisiko ya barabara isikipasue.

(d) Mipira iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya oili moto yenye mgandamizo. Injini ikiwa kazini, mgandamizo wa oili huwa mara kadhaa ya ule wa maji ya rejeta, na huzidi injini ikiwa baridi. Mpira wa maji uliobanwa kwa klipu ukichomoka, sampu hubaki tupu kabla dereva hajapata pa kuegesha. Mipira isipite karibu na bomba la moshi wala mahali inapoweza kukwaruzwa na usukani au feni.

(e) Oili huongezwa, kwa kuwa kifaa na mipira yake huhitaji ziada, aghalabu kati ya nusu lita na lita moja. Injini huzungushwa kwa staata bila kuruhusiwa kuwaka, hadi taa ya oili izimike. Kisha huwashwa, huachwa ipate joto ili themostati ifunguke, huzimwa, na oili hupimwa upya.

(f) Maungio yote hukaguliwa siku hiyo, siku ya pili na baada ya safari ya kwanza ndefu. Oili iliyotolewa ihifadhiwe kwenye mtungi na kupelekwa kwa wanaoikusanya. Mtaro wa mjini huishia Mto Sosiani, na wako wanaoyatumia maji hayo.

5.0 Funzo la Volkswagen

Wazo la kupoza oili ya gari dogo si geni Afrika Mashariki. Volkswagen Beetle, gari lililopendwa mno nchini Kenya na lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954 na tena mwaka 1962, halikuwa na maji wala rejeta. Injini yake ilipozwa kwa hewa na kwa oili, na kifaa cha kupoza oili kilikuwa sehemu ya umbo lake tangu kiwandani.

Kifaa hicho kilisimamishwa ndani ya kasha la feni, juu ya silinda ya tatu. Hewa iliyopaswa kuipoza silinda hiyo ilipita kwanza kwenye oili, ikafika ikiwa imekwisha kupata joto na kupungua nguvu. Mafundi wakaijua silinda ya tatu kwa maradhi yake, hasa vali za moshi zilizoungua mapema kuliko za wenzake. Katika magari ya kuanzia mwaka 1971 kiwanda kilikihamisha kifaa na kukijengea kijumba chake pembeni, ili hewa yake ya moto isiipitie silinda.

Funzo lake ni la daima: joto halipotei, huhamishwa tu. Anayefunga kifaa cha oili mbele ya rejeta anairejeshea rejeta joto lile lile alilolitoa kwenye oili. Rejeta ikiwa nzima italimudu. Ikiwa ilikuwa ikihema tangu awali, kifaa kipya kitaizidishia mzigo, na mwenye gari atashangaa kwamba amelipa ili gari lichemke zaidi.

6.0 Suala la Istilahi

6.1 Majina matatu

Jina la kwanza ni lile la mkopo, "kula". Ubaya wake umekwisha kuonyeshwa. Ukopaji wenyewe si dhambi. Gereji imejaa maneno ya mkopo yasiyomdhuru mtu: injini, pistoni, silinda, gasketi, beringi, spana. Tatizo la "kula" ni kwamba limegongana na kitenzi chenye maana nyingine mahali pale pale, tena kuhusu oili ile ile. Homonimia ya namna hiyo haivumiliki katika istilahi, kwa kuwa muktadha, ambao kwa kawaida huondoa utata, hapa ndio unaouzidisha.

Jina la pili ni "rejeta ya oili". Hili ni jina jema la maelezo. Mteja anaijua rejeta na kazi yake. Akisikia kuna rejeta ya oili, ameelewa nusu ya jambo bila kufundishwa. Kasoro yake ni kwamba linaeleza kifaa cha upepo tu. Kile kinachotumia maji hakifanani na rejeta, na mara nyingi hukaa nyuma ya chujio pasipoonekana.

Jina la tatu, ambalo makala hii inalipendekeza kwa maandishi, ni "kipozaoili". Muundo wake ni ule wa kiambishi ki-, kitenzi na nomino ambayo ni yambwa ya kitenzi hicho. Ndio ulioipa lugha kipimajoto, kinasasauti na kipazasauti. Hautaji umbo la kifaa wala mahali kinapokaa, bali kazi yake. Kifaa kiwe cha upepo au cha maji, jina halibadiliki.

6.2 Kupoza na kupooza

Mwandishi wa istilahi hii atakutana na swali la irabu. Kitenzi "poa" hunyambuliwa kuwa "poza" kwa njia ile ile ambayo "jaa" huwa "jaza" na "tulia" huwa "tuliza". Hata hivyo, wapo wazungumzaji wengi wanaotamka na kuandika "kupooza" kwa maana ya kutia baridi, ilhali umbo hilo ndilo linalotumika pia kwa mwili uliopoteza nguvu za viungo. Utata huu ni mdogo katika maongezi, lakini katika mwongozo wa kazi inafaa kushikilia irabu moja. Injini ni ya kupozwa. Ikipooza, kazi imeharibika.

6.3 Neno "mpira"

Hatari nyingine imejificha katika neno ambalo hakuna anayelitilia shaka. Gerejini, "mpira" ni wa maji, wa petroli, wa breki, wa oili, na hata wa kuzuia mtikisiko. Mteja anayeagizwa dukani "lete mpira wa nusu inchi" anaweza kurudi na mpira wa maji uliotimiza kipimo kwa unene na ukakosa kwa ustahimilivu. Hapa dawa si kuunda neno jipya, bali kulikamilisha lililopo: "mpira wa oili moto wenye mgandamizo". Urefu wa kirai hicho ni gharama ndogo.

6.4 Nafasi ya wasomi

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipochapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ilithibitisha kwamba dhana za kisayansi zinaweza kuwekewa utaratibu kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kilichobaki kati ya kamusi na katiba ni karatasi yenye mafuta: mwongozo wa kurasa chache ambao fundi anaweza kuuegemeza kwenye betri na kuusoma huku akifanya kazi. Mwongozo wa namna hiyo hauandikwi na mwanaisimu peke yake, kwa sababu hajui uzi uliokatika unavyohisika mkononi. Wala hauandikwi na fundi peke yake, kwa sababu shughuli zake hazimpi nafasi ya kupima neno moja dhidi ya jingine. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya Eldoret wako umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa mafundi hao.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kipozaoili ni kifaa chenye manufaa kwa gari linalofanya kazi nzito milimani, kwamba hakina faida na huweza kuleta madhara kwa gari la safari fupi za mjini, na kwamba uamuzi baina ya hali hizo mbili hutokana na kupima wala si kukisia. Imeonyesha vilevile kwamba upimaji huo huanza na lugha. Yarudiwe mazungumzo ya awali kwa istilahi iliyonyooka:

"Mwalimu, oili ya injini inapata joto jingi ukipanda Tambach. Tunaweza kufunga kipozaoili, ile rejeta ndogo ya oili."

"Lakini fundi, mimi naongeza oili kila wiki."

"Kila wiki? Basi hiyo si shida ya joto, mwalimu. Tuangalie ringi kwanza."

Fundi ni yule yule, mteja ni yule yule, na gari ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mteja amesikia kitu anachokielewa, akajibu kwa taarifa ambayo fundi aliihitaji, na injini imepata nafasi ya kuponywa ugonjwa ilionao.